Dola 25 ndo ilikuwa sehemu rahisi

Siku ya kumi na moja shangazi akajitoa kwenye majaribio ya apu yangu. Hakuwa na nia mbaya jamani, ni mwanae wa form two alishika simu ya mama yake akakuta imeandikwa kwamba mwenye simu ni mjaribu wa programu ambayo bado haijatoka, akajua tayari, hawa ndo wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akabonyeza kujitoa, apu yenyewe akaifuta, akaenda zake kucheza mpira. Mimi niko kwenye daladala nimebanwa mlangoni, nafungua akaunti yangu nakuta namba ya wajaribu imetoka 12 imekuwa 11. Zilikuwa zimebaki siku tatu tu.

Kwa ambaye hajapita huku: ukifungua akaunti binafsi ya kuwekea apu Google Play, na akaunti yenyewe ikawa imefunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, huwezi kuiweka apu yako hadharani mpaka kwanza uijaribishe na watu wasiopungua 12 ambao wamejiunga kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitaka watu 20, Desemba 2024 ndo wakashusha. Na mfululizo ni mfululizo kweli, mimi nilikuwa na watu 12 kamili bila hata wa akiba, kwa hiyo shangazi alivyotoka ndo basi tena, naanza moja.

Sasa naandika hii kwa sababu tangu niposti kwenye status kwamba apu yangu imepanda, kila siku naulizwa swali moja, "kaka kuweka apu Play Store ni bei gani", nikijibu dola 25 mtu anasema aah kumbe poa tu, anapotea. Halafu baada ya mwezi anarudi analia.

Bei yenyewe ni hii na nitaisema haraka maana haina stori. Google Play ni dola 25, unalipa mara moja basi, kwa shilingi yetu ya Tanzania ni elfu sitini na kitu kutegemea dola imeamkaje. Apple ni dola 99 kila mwaka, laki mbili na nusu hivi, na mwaka ukiisha hujalipa apu yako inaondolewa dukani, waliokuwa nayo wanabaki nayo ila mtu mpya haipati. Huawei na Samsung kwenye maduka yao kujisajili ni bure. Basi. Hayo mengine yote ntakayosimulia hapa chini hayapo kwenye orodha ya bei ya mtu yeyote.

Kwanza apu yenyewe ni nini. Mama yangu yuko kwenye kikoba, wako wanawake 23, wanakutana Jumapili jioni, wananunua hisa, kuna mfuko wa jamii wa misiba na wagonjwa, kuna faini za kuchelewa, na kuna mikopo inayorudi na riba kidogo ambayo mwisho wa mzunguko wanagawana. Hesabu zote zilikuwa kwenye kaunta buku. Mwaka juzi mvua ikaingia ndani kwa katibu, kaunta buku likalowa, kurasa zikashikana, na kwa wiki tatu nzima kina mama hawakusalimiana vizuri kwa sababu kila mtu anakumbuka hisa zake kuwa nyingi kuliko anavyokumbuka mwenzake. Mama akaniambia wewe si ndo unashinda kwenye kompyuta, tutengenezee kitu. Nikatengeneza daftari la kwenye simu, halipokei hela, halitumi hela, linaandika tu nani kaleta nini. Kuandika programu yenyewe ilinichukua kama miezi miwili ya usiku usiku. Kuifikisha dukani ilinichukua mitano.

Tuanze na kadi. Ile elfu sitini ninayo mfukoni kabisa, ila huwezi kuituma kwa mobile money moja kwa moja, wanataka kadi, na kwenye maelezo yao Google wameandika wazi kwamba kadi za kujaza hela kabla hawazipokei. Na sisi huku zile kadi za mtandaoni unazotengeneza ndani ya menyu ya simu nyingi ndo za namna hiyo. Wapo waliofanikiwa nazo, sibishi, yangu iligoma mara tatu. Nikaenda na kadi ya benki, nayo ikagoma, kumbe kadi yangu tangu nipewe ilikuwa imefungwa isinunue kitu mtandaoni na ili ifunguliwe lazima uende tawini ujaze fomu ya karatasi, dada wa dirishani ananiuliza unataka kununua nini, namwambia nataka kulipia akaunti ya kuweka apu, ananiangalia kama nimemwambia naenda kununua ndege. Safari mbili tawini. Nauli na muda niliopoteza kazini ukijumlisha inazidi hiyo dola 25.

Hapa kwenye kadi ndo utakutana na vijana kwenye magrupu wanaokwambia "bro nina akaunti tayari nakuuzia, ya zamani, haidaiwi wajaribu". Inatamanisha aisee, sitadanganya, niliifikiria usiku mzima. Shida ni kwamba hujui ile akaunti imelala na nani. Ikionekana inahusiana na akaunti nyingine iliyowahi kufungiwa basi na yako inafungiwa, na kufungiwa kwenyewe sio kwa apu, ni kwa mtu, yani jina lako. Elfu sitini unaweza kuitafuta tena, jina utalitafutia wapi.

Na kwa kweli hilo jina ndo jambo lenyewe. Nilivyoanza nilidhani wanataka hela, kumbe wanataka kunijua. Jina la kisheria kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu wanayoihakiki, anwani unayoishi, na wakati mwingine karatasi ya kuthibitisha hiyo anwani. Hapo kwenye anwani Mtanzania wa kawaida anakaa chini kidogo. Wenzetu wanaambiwa leta bili ya umeme. Mimi umeme wangu ni LUKU, nanunua tokeni ya elfu tano inakuja meseji yenye namba ishirini, sina bili, sijawahi kuona bili ya umeme tangu nizaliwe. Maji yanasoma jina la mwenye nyumba, ambaye alishafariki, na watoto wake hawajabadilisha. Nikasema poa, kuna taarifa ya benki ya miezi mitatu, ile ina anwani. Nikaichapisha. Anwani iliyopo ni S.L.P. ya shule ya sekondari niliyosoma, kwa sababu akaunti nilifungua nikiwa mwanafunzi na mwalimu ndo alitujazia fomu sote na sanduku moja!

Kilichoniokoa ni zile namba za nyumba. Mnakumbuka 2022 walipita wanabandika namba kwenye nyumba na vibao vya majina ya mitaa, ile operesheni ya anwani za makazi, mtaani kwetu tulicheka sana maana barabara yetu yenyewe ni kichochoro cha kupita bajaji moja tu kikapewa jina la barabara kubwa kubwa. Basi ile namba ndo nilienda nayo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akaniandikia barua, barua nikaipeleka benki wakabadilisha anwani, taarifa mpya ya benki ikatoka na jina langu, mtaa na namba ya nyumba. Wiki tatu. Kama unajiandaa kufungua akaunti, hili lifanye leo kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu, na hakikisha jina kwenye NIDA, jina benki na jina utakaloandika kule yanafanana mpaka herufi, mimi kwenye kitambulisho nina majina matatu, benki walikuwa nayo mawili.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi, hizi taarifa zako zingine zinaonekana kwa kila mtu. Kwenye Google Play akaunti binafsi inaonyesha jina lako la kisheria, nchi na imeili, na ukianza kuingiza hela kupitia apu basi na anwani kamili inatoka. Anwani kamili ya mimi ni kwa mama. Nikajifikiria mtu amekasirika, ameshanipa nyota moja, halafu ana namba ya nyumba... nikaacha. Apu ni ya bure mpaka leo na hiyo ni moja ya sababu.

Ukiwa na kampuni mambo ni tofauti kidogo. Akaunti ya taasisi haidaiwi wale watu 12, na anwani inayoonekana ni ya ofisi. Ila unahitaji namba ya kuitambulisha kampuni inaitwa D-U-N-S, inatolewa na Dun & Bradstreet wa Marekani, kuiomba ni bure ila inaweza kukaa wiki kadhaa, na angalia usichanganye, pale BRELA kuna kusajili jina la biashara na kuna kusajili kampuni, sio kitu kimoja. Apple wanasema wazi kwamba jina la biashara peke yake haliwatoshi kukuandikisha kama taasisi, wanataka kitu ambacho sheria inakitambua kama kampuni, la sivyo unaingia kama mtu binafsi na jina lako ndo linaonekana dukani. Rafiki yangu mmoja alisajili jina zuri la biashara akatengenezewa na nembo kabisa, mwisho wa siku chini ya apu pameandikwa jina lake la ubatizo.

Haya, wajaribu.

Unaposikia watu 12 unasema hiyo nayo ni shida? Kikoba kina watu 23. Nikaenda Jumapili na laptopu yangu, shikamoo zote zikaisha, nikaomba kila mmoja anipe imeili yake kwa sababu orodha ya wajaribu unaijaza kwa imeili za Google. Kimya. Kwanza nane kati yao wana vitochi. Wawili wana iPhone walizotumiwa na watoto. Waliobaki wana simu janja za Android safi kabisa, ila hakuna aliyekuwa anajua imeili yake, kwa sababu simu ilinunuliwa Kariakoo na aliyeuza ndo alifungua hiyo akaunti palepale kaunta ili simu iwake, akaweka jina analolijua yeye na neno la siri analolijua yeye. Mwenyekiti wa kikoba simu yake ilikuwa imeingia kwa imeili yenye jina la mwanaume na mwaka 1994. Akauliza, "Mwanangu, kwani huyo ni nani humu ndani ya simu yangu?" Nikashindwa nimjibu nini.

Tukatumia Jumapili mbili kufungua akaunti upya. Nikaandika kila imeili na neno la siri kwenye karatasi nikampa mwenyewe aweke kwenye Biblia au msahafu au popote anapoweka vitu visivyopotea. Hapo nikapata tisa, nikaongeza binamu wawili na shangazi, 12, na mengine mnayajua.

Raundi ya pili nilikuwa nimeshapata akili. Watu 19. Kina mama walewale, vijana watano wa kijiwe cha bodaboda pale kona, na wenzangu wa kazini ambao niliwanunulia kreti ya soda. Kila siku saa mbili usiku natuma meseji kwenye grupu, jamani fungueni daftari, bonyezeni hata kitu kimoja, msijitoe, ukiona maandishi ya ajabu niulize mimi kwanza. Watatu walitoka katikati, nikabaki na 16, sikujali.

Kuna magrupu Telegram na kwingineko ambako madevelopa wanajaribishiana, mimi naingia kwako wewe unaingia kwangu, na kuna wanaouza wajaribu kabisa kwa bei ya jumla. Siwezi kukulaumu ukienda huko. Ila wale hawafungui apu, wanaisakinisha tu inakaa, na siku 14 zikiisha hauingii dukani moja kwa moja, unaomba, na kwenye hayo maombi unaulizwa maswali, wajaribu uliwapataje, walisema nini, ulibadilisha nini kutokana na walichosema. Ukijibu "walisema nzuri" umejichimbia. Mimi nilikuwa na cha kuandika mpaka nafasi haikutosha. Nilikuwa nimeweka faini ya kuchelewa kama kitu kimoja, kumbe kikoba kile kina faini ya kuchelewa, faini ya kutokuja kabisa, faini ya kutokuja bila taarifa na faini ya simu kuita katikati ya kikao, na kila moja ina bei yake na inaenda mfuko tofauti. Miezi miwili yote nilikaa na mama yangu nyumba moja na hilo hakulitaja, alidhani najua. Halafu maandishi yalikuwa madogo, mama mmoja alikuwa anaipiga picha skrini halafu anaikuza hiyo picha ndo anasoma. Kwa hiyo hii sheria ya wajaribu, nimeitukana sana, na bado naona ingetakiwa kuwe na njia nyingine kwa mtu ambaye jamaa zake wana vitochi, lakini apu iliyotoka baada yake ni nzuri kuliko ile niliyotaka kuitoa.

Ukaguzi sasa. Google wanasema kawaida unaweza kufika siku saba au zaidi kidogo, Apple wanasema asilimia 90 ya apu zinazotumwa wanazikagua ndani ya saa 24. Makosa yote yalikuwa yangu na sitaki ionekane nagombana na mtu, lakini nilikataliwa mara tatu na kila mara sababu ilikuwa ya kijinga upande wangu.

Ya kwanza, mkaguzi hakuweza kuingia ndani ya apu. Nilikuwa nimeweka kuingia kwa namba ya simu, unatumiwa namba za siri kwa meseji. Namba lazima ianze na +255. Mkaguzi yuko huko aliko, laini ya Tanzania ataitoa wapi? Unatakiwa uwape akaunti ya majaribio ambayo inapita bila meseji, yenye data ndani, vikundi vya kubuni, michango ya kubuni, ili aone kitu kinavyofanya kazi. Ya pili ni sera ya faragha, nilikuwa nimeiandika Word nikaigeuza PDF nikaiweka kwenye Drive nikatoa linki. Haitakiwi PDF, inatakiwa ukurasa wa kawaida wa tovuti ambao mtu yeyote popote anaufungua. Nusu saa nikamaliza.

Ya tatu ndo ilinikalisha. Kwenye maelezo ya apu nilikuwa nimeandika kwa furaha zangu kwamba "toa mikopo kwa wanachama, fuatilia marejesho, pata riba", na ndani ya apu nilikuwa naomba ruhusa ya kusoma namba zilizohifadhiwa kwenye simu ili katibu achague mwanachama bila kuandika namba upya. Sasa jiweke upande wa mtu anayekagua. Anaona apu kutoka Tanzania, mtu binafsi, mikopo, riba, na inataka kusoma namba zote za kwenye simu yako. Hiyo ni kausha damu, hata mimi ningeikataa!

Maana hii historia tunaijua. Zile apu za mikopo ya haraka zilikuwa zinachukua namba zako zote siku unapokopa, ukichelewa kulipa wanaanza kumtumia meseji bosi wako, mchungaji, shemeji, kwamba fulani ni mdaiwa sugu na amekuweka wewe kuwa mdhamini. Watu waliaibika vibaya sana. Novemba 2024 Benki Kuu yetu ikatoa orodha ya apu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kenya wao kanuni za 2022 za Benki Kuu yao zilishataka wakopeshaji wa mtandaoni wawe na leseni, na Google wakaanza kuidai hiyo leseni 2023 kwa apu za mikopo za Kenya, halafu kuanzia mwisho wa Mei mwaka huohuo wakazuia apu za mikopo dunia nzima zisiguse namba wala picha za mtu. Siku hizi apu yoyote inayogusa huduma za kifedha ina fomu yake ya kujieleza, na kama kweli unakopesha akaunti binafsi haikubaliki, lazima uwe taasisi. Mimi sikopeshi, mimi ni kaunta buku, lakini niliyafumba maelezo mwenyewe. Nikafuta ruhusa ya namba, katibu ataandika kwa mkono hakuna atakayekufa, nikabadilisha maelezo nikaandika kwamba hii ni daftari la kumbukumbu, hela haipiti humu, hakuna mtu anayekopeshwa na apu hii. Ikapita baada ya siku nne.

Wale mama wawili wa iPhone nimewafungulia ukurasa wa tovuti, wanaingia kupitia Safari, ile programu ya iPhone ya kufungulia tovuti, wanaona michango yao. App Store sijaenda na sidhani kama ntaenda karibuni. Sio hiyo dola 99 peke yake, ni kwamba kuitengeneza apu ya iPhone unahitaji Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea apu, na Xcode inakaa kwenye Mac, kwa hiyo kabla ya 99 kuna kompyuta nzima, kuna watu wanakodisha Mac za mtandaoni lakini na hiyo ni dola tena kila mwezi. Kuna msamaha wa ada kwa mashirika yasiyo ya faida, shule na serikali, ila ni kwa nchi zilizo kwenye orodha yao tu. Kwa watu wawili hesabu hainiingii.

Upande wa kuuza nitasema kidogo tu kwa sababu wengi mnaoniuliza mnataka kutajirika. Duka la Apple lilifunguliwa Julai 2008 na tangu siku ile mgao wao ni asilimia 30 ya unachouza humo, Google nao wakawa hivyohivyo. Siku hizi kwa sisi wadogo ni 15, Apple tangu Januari 2021 kwa wasiofikisha dola milioni moja kwa mwaka, Google tangu Julai 2021 kwenye milioni yako ya kwanza. Sijawahi kukutana na mtu mtaani kwetu ambaye hiyo milioni inamsumbua. Tatizo letu ni jingine, ukiuza kitu cha kidijitali kama somo, noti, au ripoti ya ziada, sheria za duka zinataka upitishie malipo ya duka lenyewe, na mteja wako ana hela kwenye simu, kadi hana. Ukiuza vitu vya kushikika au huduma ya kweli, chakula, usafiri, fundi, hapo hawakugusi, weka mobile money unavyotaka. Aprili 2025 jaji wa Marekani Yvonne Gonzalez Rogers aliwaamuru Apple waruhusu watu kuweka linki za kulipia nje, ni ile kesi ya kampuni ya Epic wenye gemu la Fortnite, lakini ni kwa duka la Marekani. Mimi nafanya hivi, apu bure, kikundi kikitaka niende nikawafundishe siku nzima, nikahamishe kaunta buku lao lote kuingia kwenye simu, nalipwa kwa Lipa Namba kama fundi mwingine yeyote. Vikundi sita mpaka sasa.

Kuna mtu ataniuliza, kwani yote haya ya nini, si ungewatumia faili la APK, lile la kusakinishia apu bila kupita dukani, kwenye WhatsApp. Ndo nilivyofanya miezi ya mwanzo. Inafanya kazi, ila simu inamtisha mtu kwa maandishi mekundu, na kila nikitoa apdeti nusu ya kikundi wanabaki na ya zamani, hesabu za katibu na za mweka hazina haziendani, tunarudi kwenye kununiana. Na hiyo njia nayo inabanwa, Agosti 2025 Google walitangaza kwamba kwenye simu za Android zilizothibitishwa na wao, apu itatakiwa itoke kwa mtu aliyejitambulisha hata kama haipo dukani, wanaanza Septemba 2026 na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, halafu 2027 na kuendelea wanasambaza kwingine. Wamesema kutakuwa na akaunti ya bure yenye mipaka kwa wanafunzi na wanaojifunza. Kwa hiyo ile barua ya mwenyekiti wa mtaa huenda ukaihitaji hata usipoenda dukani.

Jumapili iliyopita nilienda kwenye kikao kumwonyesha mwenyekiti wa kikoba, nikamwambia, mama, ile apu sasa iko Play Store kabisa, andika jina utaiona. Akafurahi, akapiga makofi, wakaimba kidogo. Halafu akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, bando limeisha, hebu nirushie kwa Xender."